Kioo cha Kabati na Vilima Viwili

Mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, barazani na kwenye foleni ya sukari, kwa nini Jumamosi ile nilionekana nikitoka stesheni na kioo kikubwa mgongoni kama mtu aliyeiba mlango. Kila mmoja nimemjibu kipande. Nimeona bora niandike yote mara moja, mpitishiane, nami nipumzike. Habari za vibali na tiketi nimeziacha. Hazina utamu.

Mnazi Mmoja na Kariakoo

Mnajua kwamba tangu nimalize chuo kikuu nimewekwa kwenye kikosi kinachopima njia za simu. Si simu za nguzo na nyaya. Hizi mpya zinapita hewani, kutoka mnara mmoja hadi mwingine, na kila mnara lazima uuone mwenzake bila kitu katikati. Hapa mjini inajengwa sahani kubwa ya chuma itakayozungumza na setilaiti iliyo juu ya bahari, ili mtu akipiga simu Ulaya au Bara Hindi asikike kana kwamba yuko chumba cha pili. Lakini mtu wa Kondoa atafikaje kwenye sahani hiyo? Kwa minara tu, kilima kwa kilima.

Mimi ndiye niliyesema kwamba kilima cha kijiji cha Mkurumo, huko Kondoa, kinaonana na kilima kimoja kilicho kusini yake, upande wa Dodoma. Nilikokotoa kwenye ramani mara saba. Mara saba jibu lilikuwa ndiyo, lakini ndiyo nyembamba: mstari wangu ulipita juu ya mgongo wa mlima wa katikati kwa kimo cha nyumba mbili tu, na ramani yenyewe ilichorwa na watu waliokwisha kwenda kwao zamani. Kama niko sawa, mnara mmoja unatosha. Kama nimekosea, inahitajika minara miwili. Fedha ya miwili hakuna, kwa hiyo Kondoa ingesubiri mpango mwingine, na hakuna aliyejua mpango huo utakuja lini.

Kiongozi wa kikosi ni Fundi Salehe. Hakusoma chuo kikuu, lakini amepima nusu ya nchi kwa miguu yake, na mimi ananiita Msomi. Mstari wangu aliuchora kwenye ramani kubwa ya ofisini kwa penseli. Ndivyo anavyofanya kazi: kinachodhaniwa kinachorwa kwa penseli, na wino haugusi ramani mpaka mtu ameona kwa macho.

Kuona kwenyewe ni kwa kioo. Mtu mmoja anapanda kilima hiki, mwingine kile, na asubuhi jua likiwaka wanamulikiana. Mara tatu, kisha mwenzako anajibu mara tatu. Tulifanya mazoezi Mnazi Mmoja, yeye akiwa katikati ya uwanja na mimi juu ya paa la nyumba upande wa Kariakoo. Unanyosha mkono wa kushoto, unainua vidole viwili, unamweka mwenzako katikati ya vidole, halafu unageuza kioo mpaka mwanga uangukie kwenye vidole. Ni rahisi, ila mimi nilikuwa nafikiria pembe, na mwanga wangu ukaenda usoni kwa mama anayekaanga mihogo pembeni mwa uwanja.

"Kijana," alinipigia kelele, "kama unanitaka, shuka ununue muhogo."

Fundi Salehe aliondoka mapema na Land Rover kwa kazi nyingine Dodoma. Petroli ilitosha kilima chake tu, kwa hiyo mimi nilipaswa kufika Mkurumo kwa njia zangu.

"Jumanne, Jumatano, Alhamisi," aliniambia. "Saa tatu mpaka saa tano. Alhamisi saa tano nashuka. Nisipokuona, naandika kwamba hakuna njia."

"Na kama nitakuwa nimechelewa tu?"

"Msomi, karatasi haijui kwamba umechelewa."

Kioo chake yeye ni cha kunyolea, kikubwa kama kisahani cha chai. Mimi nikakaa nikafikiria vumbi la Dodoma, ukungu wa asubuhi na umbali, nikaamua nahitaji kioo cha angalau nusu ya mlango. Nilizunguka Kariakoo nzima. Rafu zilikuwa na viberiti na rangi ya viatu. Kioo hakikuwepo hata cha mfukoni.

Aliyeniokoa ni Kantibhai, muuza nguo wa mtaani kwetu. Dada yake ameolewa Kondoa mjini. Akitaka kuongea naye anaomba simu pale posta kuu, anakaa kwenye benchi tangu asubuhi, na simu ikipatikana anasikia upepo. Nilipomweleza shida yangu alifunga duka, akanipandisha ghorofani, akatoa bisibisi na kuanza kufungua kioo cha kabati la mkewe.

"Mama Hansa yuko kwa mdogo wake mpaka Jumapili ijayo," alisema. "Kioo kikirudi kabla yake, mimi na wewe hatujui kitu."

"Na kikivunjika?"

"Basi mimi nitahamia Kondoa."

Akakizungushia doti ya kanga mpya kutoka dukani, halafu gunia juu yake. Kanga hiyo, kumbe, ndiyo iliyonitia matatani.

Garimoshi

Tuliondoka Jumapili jioni, daraja la tatu. Nilikaa nimekumbatia kioo. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Kilimanjaro, Mama Aika, mwenye duka la vitunguu Kariakoo, akienda Dodoma kutafuta mzigo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho ni nini?"

"Kioo."

Aliangalia gunia, akaangalia pindo la kanga lililochungulia, akaangalia kidevu changu nilichokinyoa vizuri.

"Anaitwa nani?"

"Nani, mama?"

"Haya, kaa na siri yako."

Ningeweza kumweleza. Lakini nianzie wapi? Kwenye setilaiti? Kwenye mawimbi? Nikianza na kilima ataniona nimechanganyikiwa. Nilipokuwa bado naipanga sentensi ya kwanza kichwani, benchi zima lilikwisha kujua kwamba naenda kupeleka kioo cha harusi, na mzee mmoja alinipa pole.

Morogoro tulinunua machungwa na mayai ya kuchemsha. Mbele ya Kilosa, kwenye kituo kidogo, tukasimama. Tulitakiwa kusubiri garimoshi lililokuwa mbele yetu, na tukasubiri Jumatatu asubuhi yote. Wanawake wa pale walileta viazi vitamu, miwa na maziwa ya mgando kwenye vibuyu. Mimi sikuweza kula. Nilipiga hesabu ya saa. Nilipoinua kichwa nikakuta Mama Aika amekiteremsha kioo, amekiegemeza kwenye gurudumu la behewa, na wanaume wamepanga mstari wananyoa ndevu.

"Mama, kitavunjika."

"Hakivunjiki. Kioo cha heri kinatazamwa na watu wengi. Wewe mwenye masharubu, rudi nyuma, hukuanza wewe."

Walinyoa kumi na wanne. Niliwahesabu kwa sababu kila mmoja aliyeinama nilimwona akianguka juu ya kioo. Hakuanguka hata mmoja, na wa mwisho alinikatia nusu ya muwa wake.

Lori

Tulifika Dodoma Jumatatu jioni. Jumanne alfajiri Mama Aika mwenyewe alinitafutia lori linalofuata mahindi Kondoa. "Bakari," alimwambia dereva, "huyu mwanangu anapeleka kioo cha harusi Mkurumo. Umwendeshe taratibu."

Nilifungua mdomo. Lakini Bakari alikwisha kutandika mablanketi kwa ajili ya kioo na kunikaribisha kiti cha mbele, wakati wenzangu walikuwa wanapanda nyuma kwenye magunia matupu. Nakiri kwamba nilinyamaza kwa faida.

"Wewe ndiye bwana harusi au mshenga?" Bakari aliuliza tulipoanza safari.

"Mimi nimetumwa tu," nikasema, na ulikuwa ukweli.

"Basi mshenga. Wanakungoja kweli kule kwa Mzee Hamisi. Wiki ya tatu hii."

Sikumjua Mzee Hamisi. Nilidhani labda ni mwenyekiti wa kijiji aliyeandikiwa barua na ofisi, nikafurahi kwamba kwa mara ya kwanza barua imefika.

Saa tatu ya asubuhi ya kwanza ilinikuta kwenye korongo, lori limezama mchangani mpaka ekseli. Jua lilikuwa safi, halina wingu. Nilijua mahali fulani Fundi Salehe amesimama juu ya jiwe anaangalia upande wangu na haoni kitu. Tulichimba, tukakata matawi, tukasukuma. Abiria mmoja alitoa karanga, mwingine ugali baridi wa uwele, tukala tumekaa kwenye kivuli cha lori.

"Mshenga, usitazame saa hivyo," Bakari alinitania. "Binti hakimbii."

Tulitoka mchangani jioni, tukalala kijiji cha njiani. Jumatano, saa tatu kasorobo, lori likaingia Mkurumo. Nilikiona kilima nyuma ya nyumba za mwisho, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Asubuhi ya pili nilikuwa nimeiwahi. Bakari hakusimama kwenye ofisi ya kijiji. Alipita moja kwa moja, akipiga honi, mpaka kwenye nyumba moja yenye ua uliofagiwa.

Kwa Mzee Hamisi

Vigelegele vilianza kabla sijashuka. Wanawake wawili walikichukua kioo na kanga yake wakaingia nacho ndani. Mzee mwenye kanzu na kofia alinishika mikono yote miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetuweka, lakini umefika."

"Mzee, mimi nimekuja kwa ajili ya kile kilima..."

Aliinua mkono. "Maneno baadaye. Kwanza maji."

Ndiyo adabu ya pale. Mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, na mshenga hasemi neno mpaka wazee wakae. Wazee walikuwa kwenye shamba la kijiji, wangerudi mchana. Nilioga. Nilipewa chai ya tangawizi. Nilijaribu tena, "Mzee, kile kioo...", naye akasema, "Kizuri sana, tumekiona. Maneno baadaye." Nje nilisikia kuku akifukuzwa. Nilijua kwamba kuku huyo akishikwa mimi nimekwisha, na nilisikia aliposhikwa.

Ningeweza kusimama nikapaza sauti. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya hivyo. Nilifikiria aibu ya mzee mbele ya wale wanawake waliopiga vigelegele, nikafikiria kilima, nikarudi kwenye aibu, na hivyo hivyo mpaka saa tano ikapita nikiwa na paja la kuku mkononi. Lilikuwa tamu, na wali ulikuwa wa nazi iliyotoka mbali, waliyokuwa wameiweka kwa ajili ya siku hiyo.

Wazee walifika wanne, pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Walikaa mkekani. Mzee Hamisi akasema, "Sasa sema, mwanangu. Rajabu anasemaje?"

Nilielewa kwa mpigo mmoja, na mengine nikaelezwa baadaye. Binti yake aliyeitwa Sikudhani alikuwa anasubiri posa ya kijana Rajabu, mpakuaji mizigo bandarini Dar, na posa hiyo ilichelewa wiki tatu.

"Wazee wangu," nilisema, "sikutumwa na Rajabu. Simjui. Nimetumwa na idara ya simu. Kioo ni cha kumulikia kutoka kilimani."



"Kwa hiyo hukuja kuposa," alisema Mzee Hamisi.

"Hapana, mzee."

"Na kuku?"

"Kuku nimemla, mzee."

Mwenyekiti alijifunika mdomo kwa kofia. Halafu kutoka ndani ikaja sauti ya msichana, taratibu kabisa: "Baba, amekuja kuposa. Anaposa kilima."

Wazee watatu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Hamisi hakucheka. Nilieleza yote, safari hii bila kupanga sentensi: minara, sahani ya Dar, Fundi Salehe anayesubiri, na kwamba imebaki kesho tu. Nikisita, Mzee Hamisi ndiye aliyeniambia endelea.

"Hiyo simu ikija," aliuliza mwishoni, "mtu wa hapa anaweza kumpata kijana aliyeko bandarini akamuuliza mbona kimya?"

"Anaweza, mzee. Na atamsikia vizuri."

Alitazama chini kidogo. "Basi kesho tunapanda wote."

Juu

Alhamisi tulianza kupanda saa moja. Mwenyekiti aliitangaza kuwa ni kazi ya maendeleo, kwa hiyo nusu ya kijiji ilikuja. Kioo kilibebwa na wanaume wawili. Nyuma yao alikuja Mzee Hamisi na fimbo yake, na Sikudhani akiwa na shangazi yake. Ndipo nilipomwona vizuri: msichana mrefu, mwenye uso wa mtu anayesubiri umalize kusema upuuzi.

Saa tatu jua lilikuwa nyuma ya mawingu. Saa nne pia. Kilima cha kusini kilionekana kwa mbali, cha buluu, na mbele yake ule mgongo wa katikati ulionekana mrefu kuliko kwenye ramani yangu. Nilianza kuhesabu upya kichwani. Saa nne na robo jua likatoka.

Wanaume waliinua kioo, nikanyosha vidole viwili. Upepo wa juu ukakipiga kioo kama tanga. Mwanga ulikwenda kwenye miti, ukaenda kwa ng'ombe bondeni, ukaenda kwa mwenyekiti. Kila walipokigeuza kidogo, kule mbali mwanga uliruka mlima mzima. Tulijaribu kukiegemeza kwenye jiwe, lakini mawe hayakukaa upande tunaoutaka. Saa nne na nusu. Saa tano kasorobo. Nilimwona mawazoni Fundi Salehe akikunja turubai lake.

"Kaka," Sikudhani alisema, "kwa nini kiwe kikubwa hivyo?"

"Kwa sababu ya vumbi."

"Leo kuna vumbi?"

Hakukuwa na vumbi. Alifungua fundo la kanga yake akatoa kioo cha duara, kidogo kama kiganja, kimepasuka pembeni. "Mimi nikiwa shamba la juu namwita mama kwa hiki. Anaona."

Nilikichukua. Vidole viwili, kilima katikati, mwanga kwenye vidole. Upepo ulikuwa ule ule, lakini kioo kidogo kinafuata mkono wako, hakikuvuti. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Nikangoja. Nikarudia.

Kwenye ile buluu ya mbali ikawaka nukta. Haikuwa kubwa kuliko ncha ya sindano, lakini ilikuwa kali, kama nyota iliyokosea saa. Ikazima. Ikawaka. Ikazima. Ikawaka.

Nilikaa chini. Katika safari ile nilikuwa nimekosea karibu kila kitu, ila vilima viwili vilikuwa vinaonana.

Sikudhani alichukua kioo chake akamulika mwenyewe mara tatu, bila kunyosha vidole, na akajibiwa mara tatu.

"Huyo kule ni nani?" shangazi aliuliza.

"Ni Fundi Salehe, mkubwa wangu."

"Ana mke?"

Hapo ndipo Mzee Hamisi alipocheka.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na vituko, au labda sikuviona, kwa sababu nililala. Jumamosi nilishuka stesheni na kioo mgongoni, ndivyo mlivyoniona. Mimi na Kantibhai tulikirudisha kwenye kabati skrubu kwa skrubu. Mama Hansa aliporudi Jumapili alikitazama kwa muda, akapitisha kidole pembeni ya fremu.

"Tangu lini unanyolea ndevu chumbani kwangu?" alimwuliza mumewe. Povu la sabuni la abiria mmoja lilikuwa limekaukia pale. Kantibhai alisema tangu wiki iliyopita, na kwa kuwa amesema hivyo sasa analazimika kunyolea huko kila siku.

"Dada yangu nitaongea naye lini?" aliniuliza.

"Mnara bado haujajengwa."

"Sikuulizi mnara. Kilima kimesemaje?"

"Kimekubali."

Akanikatia yadi mbili za shati.

Bandarini nilimpata Rajabu. Alikuwa amelazwa kwa malaria mwezi mzima, na barua aliyomwandikia Mzee Hamisi ilikuwa bado iko njiani. Ameomba likizo, anakwenda mwenyewe na mjomba wake. Nilimshauri akifika aseme jina lake mapema, kabla ya chai.

Jumatatu niliingia ofisini. Fundi Salehe alikuwa mbele ya ramani kubwa. Hakuniuliza kwa nini sikuonekana Jumanne wala Jumatano; Bakari alikwisha kumsimulia yote Dodoma. Alifungua kidau cha wino, akachovya kalamu, akanipa.

"Chora mwenyewe, Msomi."

Niliweka rula kutoka kilima hadi kilima, juu ya ile penseli, nikavuta. Nilijitahidi rula isiteleze. Hata hivyo, karibu na Mkurumo mstari ulipinda kidogo, na wino haufutiki. Nikasema tuanze ramani nyingine. Fundi Salehe aliinama akautazama kwa karibu, miwani juu ya pua.

"Acha hivyo," alisema. "Hapo ndipo ulipomla kuku."